Sumu ya Mikorosho Kwenye Mchicha wa Mzazi

Mpendwa Shangazi Joyce, shikamoo kama umenizidi na mambo kama nimekuzidi. Naomba msaada, ila kwanza ujue unamsaidia mtu wa namna gani: mimi nina mkono wenye bahati kuliko mikono yote iliyopo kati ya Mikindani na mto Ruvuma. Nikichomeka mswaki wa mti ardhini, unaota. Nikitema mbegu za nyanya, zinazaa mpaka matawi yanaomba fimbo ya kuegemea. Hapa Shangani ninapokaa ni mchanga mtupu, tena wenye chumvi, na nilipopiga matuta nyuma ya nyumba watu walinicheka, leo hao hao wanakuja asubuhi na mbegu kwenye vikombe, "Baba Joshua, tupandie tuta la kwanza, mkono wako mwepesi," nami nawapandia bure maana bahati haiuzwi. Miaka sita, Shangazi, hakuna mdudu aliyethubutu kugusa jani langu! Na usidhani nasema hivi kwa sababu sijatembea, kabla ya kazi ya bandarini nilikuwa melini, msaidizi wa mpishi, nimemenya viazi mpaka Durban, nimekula kabichi za Beira na za Moroni, hakuna iliyofikia yangu. Shule niliishia la sita kwa kuwa la saba niliona ni marudio tu, lakini dunia nimeisoma.

Sasa sikia yaliyonipata. Mwishoni mwa mwezi wa saba mke wangu Rebeka aliitwa kwao Mbinga, mama yake ameanguka amevunjika nyonga, akaondoka na begi moja akisema, "Baba Joshua, bustani uiangalie," nikamjibu, "Bustani inaniangalia mimi." Wiki ya kwanza ikaenda vizuri. Wiki ya pili naingia kuchuma sukuma wiki nakuta jani limebaki mishipa mitupu, unaweza ukachungulia ukamwona mtu upande wa pili. Nikachukua miwani ya Rebeka ya kusomea Biblia aliyoisahau mezani, nikapiga magoti kwenye tuta, nikageuza jani.

Shangazi, mimi nimeona nyangumi. Nimemwona kwa macho yangu tukitoka Beira, amepanda juu kama nyumba na kuzama. Siku ile nilishangaa lakini sikutetemeka. Chini ya lile jani nilitetemeka. Kuna mji mzima! Vidukari wa kijani, wadogo kuliko mbegu ya ufuta, wamejipanga kwenye mshipa wa jani wote wameelekea upande mmoja kama watu kwenye ibada, na mmoja nikamwona anazaa, si yai, nakuapia, ni mtoto kamili anatoka kinyumenyume na miguu yake yote, na mama hajaacha hata kunyonya. Pembeni sisimizi wanapita wakiwapapasa migongo kwa zile pembe zao laini, kidukari akipapaswa anatoa tone la maji, sisimizi analinywa, anahamia kwa mwingine. Wanakamua! Yaani wanafuga, Shangazi, na mimi siku zote nilidhani kufuga kulianza na binadamu. Nikahamia kwenye nyanya, nikakuta kiwavi mnene wa kijani hatembei, kama amepigwa bumbuwazi, mgongoni amebeba punje nyeupe kama za mchele zimesimama wima, nikazihesabu ishirini na mbili. Na kati ya vidukari kanatembea kadude keusi kenye madoa ya rangi ya chungwa, kana sura ya mamba hasa, miguu sita na hasira. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi na chai ikapoa ndani. Nikajiuliza, hawa wote wako nyuma ya nyumba yangu tangu lini na mimi nalipa kodi ya jengo peke yangu?

Lakini mwanaume haangalii tu mboga zikiliwa. Nikaanza kuua, na nikaanza na wale wenye sura mbaya: vile vimamba vyeusi nikavisaga vyote kwa kidole, na yule kiwavi mwenye mchele mgongoni nikamkanyaga kwa ndala, nikijua hayo ni mayai yake, nimeua jeshi zima kwa pigo moja. Baada ya siku nne vidukari wakaongezeka mara tatu.

Sasa hapa Mtwara unajua mwenyewe, jani likiumwa jibu ni salfa. Nina rafiki yangu Rajabu, mkulima wa korosho wa Mahurunga, alikuwa amekuja mjini na mashine yake ya kupulizia salfa kuitengeneza, nikamwambia niazime. Rajabu akasema, "Kaka, salfa ni ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa kwenye maua ya mikorosho. Mdudu haimtishi." Nikamwambia, "Mimi nimefika Durban, wewe umefika wapi?" Akasema, "Mimi nimefika shambani." Nikacheka, nikawasha mashine. Shangazi, mashine ile imeundwa kufika kileleni mwa mkorosho! Bustani yangu ina urefu wa hatua kumi na mbili. Wingu la njano likapanda, likapita juu ya ukuta, likatua kwa jirani yangu Mama Shabani, kwenye kamba aliyoanika nepi.

"Baba Joshua! Nguo za mtoto zimekuwa za njano!"

"Ni vumbi la baraka, Mama Shabani!"

"Baraka za nani? Njoo uzifue basi hizo baraka!"

Vidukari hawakupungua hata mmoja. Majani ndiyo yaliungua kingo kwa jua.

Basi Jumatatu hii, na hapa ndipo naomba usome polepole, nikafungua mfuko wa Rajabu aliouacha kwangu, nikatoa chupa ya dawa ya maji, ile kali wanayowapigia wadudu wanaofyonza machipukizi ya korosho. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo na miwani ilikuwa imejaa salfa. Nikatia vifuniko viwili kwenye bomba la kupulizia lenye maji, nikaongeza cha tatu kwa ajili ya hasira, nikapiga sukuma wiki, nikapiga nyanya, nikapiga na tuta la mchicha ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Ilipofika saa kumi jioni nikarudi kutazama. Kimya. Vidukari wamekufa, sawa, ndio niliotaka. Lakini sisimizi pia. Nyuki wawili chini ya ua la boga, wamelala chali. Mjusi wa ukutani sijamwona tena mpaka leo. Mji mzima nimeuzima kwa vifuniko vitatu, nikasimama pale na bomba mgongoni nikiogopa kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vyenye matope.

Tatizo langu, Shangazi, si wadudu tena. Tatizo ni Ijumaa. Binti wa Mama Shabani, Mwanahamisi, amejifungua wiki tatu zilizopita, yuko ndani hajamaliza arobaini, ananyonyesha, na kila Ijumaa mama yake anakuja kuchuma mchicha kwangu. Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, mbele za watu: "Mzazi wangu hatakula mboga ya sokoni, hujui imepigwa nini. Za Baba Joshua hazijui dawa, ni mkono tu." Maneno hayo nimeyabeba kifuani kama medali. Na ule mchicha sasa unang'aa, Shangazi, haujawahi kupendeza namna hii, ukiuona utaumezea mate. Nikimwambia ukweli, mtaa mzima utajua. Nimefikiria kusema umeliwa na mbuzi. Nimefikiria kumwambia auoshe kwa maji ya chumvi, je, si dawa itatoka? Au nikae kimya, siku nne si nyingi, pengine jua limeshaiunguza? Nisaidie haraka, namba yangu ya simu nimeiandika chini, usiichape.

Na kwa kuwa nimeshaandika mengi, niandike na hili moja. Huo mkono wa bahati sina. Kila siku alfajiri, miaka yote sita, Rebeka alikuwa anatoka na kopo la maji ya sabuni, anageuza jani moja moja, anaokota. Nilikuwa namwona dirishani. Watu walipokuja kusifu alikuwa jikoni, nami sikumwita. Nilidanganya.

Baba Joshua, Shangani, Mtwara

*

SHANGAZI JOYCE ANAJIBU

Majina ya watu nimeyabadilisha. Ya wadudu nimeyaacha, wao hawana aibu.

Barua yako, Baba Joshua, imenifikia Alhamisi saa tano asubuhi. Gazeti hili linatoka Jumapili. Mtu akiniuliza habari za mchumba nina muda wa kunywa chai kwanza. Ukiniambia sumu, mama anayenyonyesha na kesho, sina. Nilipiga namba yako hapo hapo, na kwa ruhusa yako naandika tulichozungumza, maana najua wako wengi wenye chupa kama hiyo chini ya kitanda.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shangazi Joyce wa gazeti."

Ukabadilisha sauti, baharia mzima, ukasema, "Mwenye simu hayupo, mimi ni fundi bomba."

"Fundi bomba, mwambie mwenye simu kwamba dawa ya mchicha ule haioshwi ikatoka. Si kwa chumvi, si kwa ndimu, si kwa maji ya moto. Dawa ile haikutengenezwa kwa mboga ya kuliwa majani, na nyingine hunywewa na mmea ikakaa ndani. Siku nne si kitu. Umeshachumwa au bado?"

"Bado," ukasema, kwa sauti yako.

"Ijumaa iliyopita alichuma kabla hujapiga?"

"Kabla, Shangazi. Nilipiga Jumatatu."

"Hakuna aliyekula chochote cha bustani hiyo tangu Jumatatu? Hata wewe?"

"Hakuna. Mimi nakula maharage."

Nikashusha pumzi. Nikakuambia usikate simu, uiweke mfukoni ikiwa wazi, uende kwa Mama Shabani sasa hivi. Ukasema utavaa shati kwanza. Nikasema nenda na singlendi.

Niliyoyasikia mfukoni mwako sitayasahau. Hodi. Karibu. Mtoto mchanga analia kwa mbali, kile kilio chao chembamba. Halafu wewe, uliyepika melini mpaka Durban, unatafuta maneno: "Mama Shabani, ule mchicha. Kesho usije. Nimeupiga dawa ya mikorosho. Vifuniko vitatu."

"Umeupiga nini?"

"Ya mikorosho. Ya wadudu."

"Baba Joshua." Alilisema jina lako polepole kabisa. "Asubuhi hii nimekuna nazi. Nilikuwa nakuja leo, kesho tuna shughuli ya kaka yangu Mikindani. Kapu lile pale mlangoni, limeshafungwa kamba."

Hapo hata mimi huku ofisini nilisimama. Baba Joshua, fikiria kama ungengoja jibu langu la Jumapili, au hata ungetafuta shati.

Nimekuonea huruma, na sasa nakugombeza. Hukukosea kwa kuwa hujui wadudu. Nani anawajua wote? Ulikosea pale ulipojua umeweka sumu ukaanza kupima jina lako na tumbo la mtoto wa wiki tatu kwenye mizani moja, ukaona vinalingana mpaka unahitaji mshauri. Havilingani. Mbuzi wa kusingizia ulimwona, mlango wa jirani hukuuona, na ni hatua ishirini.

Nijibu na yale uliyoyaona kwa miwani ya mkeo, maana barua yako imenifanya nami nitoke nje kugeuza majani ya mlango wangu, na sijutii. Yule kiwavi mwenye mchele mgongoni: ule haukuwa mayai yake, na hakuwa na bumbuwazi. Kuna nyigu mdogo kuliko mbu, anamchoma kiwavi na kumtia mayai mwilini. Watoto wanakulia ndani, wanamla taratibu huku anatembea, kisha wanatoboa ngozi na kila mmoja anajifumia kijumba cheupe pale pale mgongoni. Siku chache tu, ungepata nyigu ishirini na wawili wanaotafuta viwavi wengine. Jeshi lako mwenyewe, ukalikanyaga kwa ndala! Na kale kamamba keusi kenye madoa ni mtoto wa yule mdudu mviringo mwekundu ambaye watoto humweka kiganjani kumwona akiruka. Utotoni ana sura hiyo ya kutisha, na kazi yake kutwa ni kula vidukari, makumi kwa makumi. Ulipovisaga vile vimamba vyote ndipo vidukari wakaongezeka mara tatu. Hukuwa na bahati mbaya. Uliwafukuza walinzi.

Kwa hiyo anayelima mboga nyumbani asikimbilie chupa. Ageuze jani kwanza, asubuhi jua halijawa kali, aangalie nani anakula jani na nani anamla anayekula jani. Wa pili amwache, hata awe na sura mbaya kiasi gani. Kiwavi huokotwa kwa mkono na kutiwa kwenye maji ya sabuni. Kidukari hupanguswa kwa kidole kilicholowa sabuni hiyo hiyo, au jani lililojaa sana likatwe lifukiwe, na njia ya sisimizi ivurugwe kwa majivu kwenye shina, maana wao huwalinda ng'ombe wao. Ukiona nyanya ina vijinjia vyeupe ndani ya jani na vitundu kwenye tunda, huyo ni kantangaze, kiwavi mdogo anayetoboa nyanya. Toa majani hayo mapema, usiyatupe pembeni, mwite bwana shamba kabla mdudu huyo hajamaliza tuta. Salfa Rajabu alishakuambia, na alikuwa amefika mahali pa kufaa kuliko Durban.

Sasa fanya hivi, wala usinijibu. Ng'oa mchicha wote, sukuma wiki yote, nyanya na mmea wa boga. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Chimba shimo refu mbali na kisima na mbali na kuku wa watu, ufukie. Usichome, moshi utakwenda kule kule zilikokwenda nepi. Bomba lioshwe na yule Rajabu kwa jinsi anavyojua, chupa imrudie, na usimwage tone kwenye mfereji. Matuta yaache wazi mpaka bwana shamba aje akuambie yapumzike muda gani. Watu wakipita wakiuliza mbona kumekuwa jangwa, una jibu, na ni fupi.

Kisha mpigie Rebeka. Usianze na wadudu. Anza na hali ya mama yake. Halafu mwambie lile la mwisho la barua yako, kama ulivyoniandikia mimi nisiyekujua, na mwulize alikuwa anaangalia nini kwenye kila jani miaka sita. Andika anachosema. Nina hakika anavijua vile vimamba, na nina hakika alikuwa anavirudisha kwenye jani.

Mama Shabani hakukufukuza. Nilimsikia. Baada ya kukuonyesha lile kapu alisema, "Ungemnyonyesha mjukuu wangu dawa ya korosho," na ukasema, "Ndiyo," na hukuongeza neno, na hilo ndilo jambo la kiume pekee ulilofanya mwezi huu. Kisha akasema, "Sasa mzazi atakula nini?" Hilo ni swali, Baba Joshua. Aliliuliza kwako.

Tafuta kisamvu kwa mtu utakayemuuliza kwanza, mdomo kwa mdomo, amepiga nini shambani mwake. Kitwange mwenyewe, mchana, uani, majirani wakikuona na kinu. Kichemshe mpaka kiive kabisa, ndipo utie nazi. Upeleke sufuria mwenyewe. Na Mwanahamisi akiuliza mboga hii imetoka wapi, mwambie ilikotoka, na aliyeipanda ni nani.